Kusinyaa si kukauka: kisa cha mfuko wa majani na sungura wetu wawili

Ilikuwa jioni ya Januari, hapa Sheffield. Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko ndani ya mfuko wa majani makavu ya sungura. Ya juu yalikuwa yanachakarika kama karatasi. Chini kidogo yalikuwa laini. Katikati yalikuwa na unyevu, yamegandamana, na nilipotoa kiganja kilikuwa kimeshika unga wa kijivu wenye harufu ya kabati lililofungwa miezi mingi. Wakati huo sungura wetu jike alikuwa amejikunyata kwenye kona ya banda tangu asubuhi, macho nusu wazi, anasaga meno, hajagusa kitu.

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu najua familia nyingi za kwetu huku Uingereza ambazo watoto wameomba sungura wakapewa. Na sisi tuliokulia Tanzania tunachukulia kwamba kuanika majani ni jambo la kuzaliwa nalo. Mimi nimekulia Mpwapwa, mkoa wa Dodoma. Nimeona mlenda, majani ya kunde na ya maboga yakianikwa kila mwaka wakati wa masika. Sikuona kwa nini nimuulize mtu.

Sungura ni wawili, jike na dume, na wenyewe ni wa binti yangu mwenye miaka tisa. Bustani yetu ni ndogo lakini ina vitu: mstari wa rasiberi, mtufaha mmoja, miiba ya blakiberi kwenye uzio, dandelioni kila mahali kwenye nyasi, na nyuma ya kibanda cha zana unaota ule mmea unaowasha ngozi, ndugu wa thabai ya Kenya. Dandelioni hii mtu wa Pwani angeitambua mara moja: ukiikata inatoa utomvu mweupe, na uchungu wake ni ule ule wa mchunga. Kuanzia Aprili hadi Oktoba sungura wanakula bustani. Ikifika Novemba bustani inasimama. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na kinachobaki ni hei (nyasi kavu) ya dukani na vifungu vidogo vya kotimiri na nanaa vinavyouzwa kwa bei ya kuumiza. Ndiyo maana nikawaza kuanika.

Mwaka ule wa kwanza nilianza mwishoni mwa Septemba. Nilipogoa rasiberi na blakiberi, nikavuna dandelioni na thabai, nikakata na vitawi vya mtufaha. Majani yalikuwa na umande. Nikayamwaga kwenye turubai katika chumba cha gari, rundo lenye kimo cha shibiri moja hivi, nikafunga mlango ili mvua isiingie. Baada ya wiki mbili niliyagusa juu, yakachakarika. Nikayasindilia kwenye mifuko miwili mikubwa ya plastiki, nikaifunga kamba vizuri. Niliifunga vizuri mno.

Niliyoyafanya Novemba na Desemba nayo yana uzito katika kisa hiki. Sungura waliyapenda yale majani kuliko nilivyotarajia. Binti yangu alikuwa akitikisa mfuko tu, jike anasimama kwa miguu ya nyuma. Tukawa tunaongeza. Gumba moja, kiasi cha kushika kwa vidole tu, likawa konzi, konzi ikawa konzi mbili, asubuhi na jioni. Hei ikaanza kubaki kwenye kihori. Niliona inabaki, nikafurahi kwamba tunaokoa pesa.

Asiyefuga sungura huenda asione kosa hapo. Sungura ana tumbo moja kama sisi, lakini kazi kubwa ya kumeng'enya majani hufanyika nyuma, kwenye kifuko kikubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, ambako vijidudu huchachusha chakula. Sehemu ya kilichochachushwa hutoka kama kinyesi laini ambacho sungura hukila tena moja kwa moja kutoka mwilini. Mtambo wote huu husukumwa na nyuzi ndefu za nyasi. Zikipungua, utumbo hupunguza mwendo, gesi hujaa, maumivu humfanya asile, na kutokula huzidi kuusimamisha utumbo. Hawezi kutapika, kilichoingia lazima kipite. Tena meno yake yanakua maisha yote, kama milimita mbili kwa wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna hei kwa masaa. Jani kavu la rasiberi hupondeka kwa tafuna chache. Ni kitoweo tu, na mimi niligeuza kitoweo kuwa ugali.

Usiku ule tulimpeleka kwa daktari wa mifugo wa zamu. Sungura aliyepitisha nusu siku bila kula hasubiri kesho, na hili ningependa kila mwenye sungura alishike hata akisahau mengine yote. Daktari alimpapasa tumbo, akaweka kifaa cha kusikilizia. Alisema hasikii mngurumo wowote wa utumbo. Akampa dawa ya maumivu, maji chini ya ngozi, dawa ya kuamsha utumbo, na akatuonyesha namna ya kumlisha uji wa nyasi kwa bomba la sindano pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, kila baada ya masaa machache. Tulipokezana usiku mbili. Alfajiri ya siku ya pili binti yangu alishuka ngazi akikimbia, amefumbata kiganja: vinyesi vitano, vidogo kama punje za pilipili manga. Sijawahi kumwona mtoto akifurahia kinyesi namna ile, na mimi nililia.

Sasa tuchambue. Dume alikula mfuko ule ule, hakuumwa. Kuna watu watasema basi majani hayakuwa na kosa. Lakini ukungu hauenei sawa ndani ya mfuko. Unakaa pale unyevu ulipokaa. Dume wetu hula kilicho juu na kuondoka. Jike huchimba, huingiza kichwa chote, hutafuta vikonyo vinene, na vikonyo vinene ndivyo vilivyobaki na maji. Alikula kutoka tumbo la mfuko. Nilipoumwaga wote barazani niliona vizuri: ganda la nje la majani mazuri ya kijani-kahawia, na ndani yake bonge lenye ukubwa wa mpira wa miguu, limefungamana kwa nyuzi nyeupe.

Ndani ya bonge hilo nikakuta kitu kingine kilichonishtua zaidi: majani saba au nane ya cheri. Mti wa cheri ni wa jirani, tawi lake linavuka uzio, na Septemba lilikuwa limevunjika kwa upepo. Majani ya cheri, plamu na pichi yana viambata vinavyotoa gesi ya sayanaidi seli za jani zinapovunjika. Sisi tunaokula kisamvu tunaifahamu sumu hii hata kama hatuiiti kwa jina. Ndiyo sababu kisamvu hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kwenye sufuria isiyofunikwa. Kwenye cheri hatari huwa kubwa zaidi jani linapokuwa limesinyaa, kwa sababu kusinyaa ndiko kunakovunja seli na kukutanisha vilivyokuwa vimetenganishwa. Wafugaji wa ng'ombe na mbuzi huku wanajua: tawi la cheri likianguka malishoni baada ya dhoruba, huondolewa siku hiyo hiyo.

Lakini sayanaidi haimfanyi mnyama ajikunyate siku nzima. Hufanya kazi upesi: kuhema kwa nguvu, kuyumba, kuanguka. Kwa hiyo cheri naiondoa kwenye mashtaka ya usiku ule, ingawa nilistahili kuogopa. Hukumu yangu ni hii: kilichoanza kumdhoofisha ni hei iliyopungua kwa wiki sita au saba, na ukungu ukaja juu ya utumbo ambao tayari ulikuwa unakwenda kwa kusuasua. Ningelikuwa nimempa hei ya kutosha, huenda konzi moja mbovu angeipita. Ningelikuwa nimekausha vizuri, huenda hei iliyopungua ingechelewa kumdhuru. Yote mawili yalikuwa kazi ya mikono yangu.

Jumapili yake nilimpigia mama simu Mpwapwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo? Na hao sungura wake?"

Nikamweleza yote, tangu turubai hadi daktari. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza: "Uliyageuza mara ngapi kwa siku?"

"Sikuyageuza, mama."

"Sasa mwanangu, ulianika au ulirundika?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, kwa upole ule ule anaotumia kumfundisha mtoto kupepeta: "Mlenda ukiufumbata mkononi usipolia, haujakauka. Umesinyaa tu. Na ukiufunga umesinyaa, umefunga maji."

Nyumbani mlenda huchumwa mvua ikiwa imekolea, hutandazwa mwembamba kwenye jamvi au ungo, hugeuzwa kila mara mtu apitapo, na haukai kwenye jua kali mchana kutwa. Kisha hutwangwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya miezi ile mirefu isiyo na tone la mvua, kuanzia Mei mpaka Novemba. Nilikuwa nimeona hatua zote hizi nikiwa mtoto. Nisichokiona ni kwamba hewa ya Dodoma ilikuwa inafanya nusu ya kazi. Pale jani likisahauliwa juu ya ungo, hewa yenyewe inalikausha. Hapa Oktoba hewa imeshiba maji. Jani lililokauka mchana hunywa unyevu usiku na kulainika tena, na ndani ya rundo majani mabichi huendelea kupumua, yanatoa joto na mvuke, yanajipika yenyewe. Halafu plastiki inafungwa: maji yaliyojificha kwenye vikonyo na mishipa yanasambaa taratibu kwenye majani yaliyokuwa makavu, hayana pa kutokea, na kuvu inapata makazi.

Kuna kisa mashuhuri cha majani ya kulishia yaliyopata ukungu, na nikikifikiria nasisimka. Mwaka 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima mmoja wa Wisconsin, Marekani, aliendesha gari hadi mjini Madison akiwa na ng'ombe aliyekufa, chombo cha maziwa kilichojaa damu isiyoganda, na shehena ya majani makavu ya kilisho yaliyoharibika. Aliyempokea alikuwa mkemia Karl Paul Link. Mmea ule, aina ya jamaa ya klova (mmea wa malishoni) yenye harufu tamu, ukikauka vizuri hauna shida. Ukishikwa na ukungu, kiambata chake kinageuzwa kuwa kitu kinachozuia damu kuganda, na ng'ombe wanavuja damu ndani kwa ndani. Kwa miaka kadhaa maabara ya Link ilikitafuta kiambata hicho mpaka ikakipata. Kutokana na kazi hiyo ikatoka warfarini, iliyoingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, na baadaye ikawa dawa ya watu wenye damu inayoganda ovyo. Mmea mmoja, ng'ombe wale wale. Kilichobadilika ni jinsi ulivyokaushwa.

Mwaka wa pili nilianza Juni. Majani ya Juni na Julai bado ni laini, yana protini zaidi, na yakikauka yanabaki na rangi. Ya mwisho wa Septemba yameshaanza kurudisha mali yao kwenye mti. Nilichuma saa nne au saa tano asubuhi, umande ukiwa umekwisha na jua halijawa kali, na sikuchuma siku iliyofuata mvua.

Thabai nilivaa glavu, nikazifunga mafungu ya mashina sita au saba, si zaidi, nikazining'iniza kichwa chini kwenye kamba chumbani ghorofani, dirisha wazi. Ndani ya siku moja zikiwa zimenyauka hazikuwasha tena. Binti yangu alizishika kwa mkono mtupu. Rasiberi, blakiberi na tufaha niliziacha kwenye vitawi vyake na kuzifunga vivyo hivyo. Dandelioni, ambayo haina shina la kuning'inizia, niliitandaza jani kwa jani juu ya pazia la neti lililowambwa kwenye fremu ya mbao, hewa ipite chini na juu. Kila nilipopita niligeuza. Nilikuwa nimemwambia binti yangu kwamba kila anayepanda ngazi analipa ushuru wa kugeuza, na alinidai na mimi pia.

Kivuli ni muhimu. Jua huchoma rangi ya kijani, na pamoja nayo hupotea karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Jani lililokaukia chumbani lilibaki kijani kiasi kwamba jirani alidhani ni la chai ya kutengenezwa dukani. Pale siku zilipokuwa za mawingu mfululizo, nilimalizia kwa oveni yenye nyuzi joto kama arobaini hivi, mlango umeachwa wazi kidogo, kwa nusu saa au zaidi.

Kipimo ni kile cha mama, nami nikaongeza viwili. Nafumbata, nasikiliza kama linalia. Kisha nachukua kikonyo kinene kuliko vyote, si jani, nakivunja: kikikatika kwa mlio, sawa, kikipinda, kinarudi kwenye kamba. Mwisho naweka konzi ya majani kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, naiacha siku mbili mezani. Ukiona ukungu wa mvuke kwenye kioo, bado kuna maji ndani. Mara mbili nilidhani nimemaliza na chupa ikaniambia sijamaliza.

Kuhifadhi nilitumia foronya za pamba, zinapumua, nikazitundika ndani ya nyumba. Nilipima kilo moja ya thabai mbichi. Ikavuka kidogo gramu mia mbili ilipokauka. Inakatisha tamaa kutazama milima ya majani ikigeuka kuwa foronya tatu, lakini zinatosha, kwa kuwa sasa kila sungura hupata gumba moja asubuhi na moja jioni, na hei haikosekani kamwe. Kihori kikiwa na hei iliyobaki, majani hayatolewi mpaka wameigusa.

Kuna mimea ambayo kukausha kunaisafisha. Batakapu, ua dogo la manjano la malishoni, ikiwa bichi huchoma mdomo wa mnyama, ikikauka kabisa sumu yake hutoweka. Lakini kanuni hiyo haiendi mbali, na hapa ndipo wengi huku wanapoponzwa. Ragwoti, nayo yenye maua ya manjano, ikikauka hupoteza uchungu unaomwonya mnyama na kubakiwa na sumu yote ya ini. Mti wa yuu (yew) unaua ukiwa mbichi na unaua ukiwa mkavu. Vivyo hivyo dijitalisi, ambayo watu huipanda kwa urembo, jamaa ya mmea unaotoa dawa ya moyo. Majani ya nyanya, viazi mviringo, rubabu (rhubarb) na parachichi hayakanyagi nyumbani kwetu. Siku hizi binti yangu hukagua kila fungu kabla sijalifunga, na tawi la jirani tulimwomba alipunguze. Alilikata siku hiyo hiyo.

Jambo jingine la Ulaya ambalo sikulijua Mpwapwa: sungura wa porini. Hapa wako wengi, na wanabeba maradhi. Miksomatosi ilifika Uingereza mwaka 1953 na kuwaua kwa wingi. Kuna pia homa ya sungura ya kutokwa damu, iliyoonekana kwanza China mwaka 1984, na aina yake ya pili iliyotokea Ufaransa mwaka 2010. Virusi vyake vinadumu muda mrefu nje ya mwili, na kuanika jani hakuviui kwa uhakika. Kwa hiyo sichumi tena kwenye kingo za njia ya mto wanakopita sungura wa porini, na wetu wote wawili wamechanjwa.

Nilipoanza kuulizia nikagundua kwamba kilimo cha majani makavu kiliwahi kuwa uhai wa watu huku kaskazini. Magharibi mwa Norway wakulima walikuwa wakikata matawi ya elmu na ashi wakati wa kiangazi, wanayafunga mafungu, wanayakausha, na kondoo na mbuzi wanapitisha nayo theluji. Miti ile mizee yenye vichwa vilivyokatwakatwa bado imesimama. Wasukuma wa Shinyanga nao wana ngitili: eneo linalofungwa masika yakianza ili nyasi zikue na kukaukia zikiwa zimesimama, ng'ombe waje wazikute kiangazi kikikaza. Nilipomwambia mama habari za Norway alisema tu, "Kumbe wana akili," kisha akauliza kama wao hugeuza.

Majira ya baridi ya pili yalipita bila safari ya usiku kwa daktari. Lakini Februari niliona mkojo wa jike ukikauka kwenye ubao unaacha alama nyeupe kama chokaa. Sungura hunyonya kalisi (kalsiamu) karibu yote anayopewa na ziada huitoa kwa mkojo. Thabai ina kalisi nyingi, na ikikauka maji yakiondoka kalisi inabaki yote kwenye jani. Daktari alimpima, akasema kibofu kina mchanga mchanga kidogo, tupunguze na tuwape maji kwenye bakuli pana badala ya chupa. Foronya ya thabai sasa inafunguliwa mara mbili kwa wiki. Mwaka huu nimepanda rasiberi nyingine miche minne pale ilipokuwa inaota thabai, na fremu ya pazia iko ukutani, inangoja Juni.